Makofi ya Mama Majidi

Upepo wa ziwani ulipozoa mabati ya sebule kwa Iddi, mke wake Asia aliokoa simu kwanza, kisha chaja, kisha ndiyo akakumbuka kwamba ana mume. Mume mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya sebule na bukta yake iliyochoka, anatazama mawingu mahali ambapo jana yake alikuwa anatazama dari. Ujiji ilikuwa ndiyo kwanza inapambazuka. Mvua ilikuwa inaingia ndani bila hodi na kukaa moja kwa moja juu ya kochi jipya, lile lililonunuliwa kwa ajili ya wakwe.

"Mama Lulu, shika huku tulivute!" Iddi alipiga kelele.

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini, mvua iishe?"

"Kaa hivyo hivyo. Usiangalie huku. Shika kiuno kama mtu aliyepatwa."

Iddi alishika kiuno, si kwa kutii, bali kwa sababu alikuwa kweli amepatwa. Picha ikapigwa. Kabla kochi halijasogezwa hata hatua moja, ile bukta ilikuwa imeshafika Dodoma, Tabora na Uvinza, kwenye kundi la wasapu lililoitwa HARUSI YA LULU NA MAJIDI, ambamo ndugu wa pande zote mbili walikuwa wamejazana kama dagaa kwenye gunia. Chini ya picha Asia aliandika: "Jamani tumepatwa. Nyumba imeezuliwa." Akaweka na nyuso za kulia, za kutosha.

Akasubiri. Kusubiri kwa Asia kulikuwa kazi ya mwili mzima. Kidole gumba kinapanda na kushuka, mguu unacheza, macho hayapepesi. Kioo kikawaka. Aliyekuwa wa kwanza kujibu alikuwa mkwe mwenyewe, Mwasiti wa Kidahwe, mama yake bwana harusi, ambaye kwenye kundi alijulikana kama Mama Majidi.

Mama Majidi hakuandika neno. Alituma makofi. Mstari mzima wa viganja vya njano, vinapiga pa, pa, pa, moja kwa moja chini ya nyumba isiyo na paa na mwanaume mwenye bukta.

Asia alisoma tena, kana kwamba makofi yana maana nyingine ukiyasoma kwa makini. Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa binti yake, Lulu, aliyekuwa chumba cha pili.

"Mama umeona?"

"Nimeona," Asia akaandika.

Kati yao palikuwa na ukuta mmoja, tena ukuta usio na paa juu yake. Mtu angekohoa huku, mwenzake angemwambia pole kule.

*

Mjomba Mwinshehe, kaka yake Asia anayeishi Dodoma, ndiye aliyelitia jambo petroli. Mwinshehe hakuwahi kuandika kifupi maishani mwake. Aliandika kuanzia "Kwa heshima na taadhima" mpaka "ni mimi mjomba mhusika", na katikati akauliza ni mila gani ya kumpigia makofi mtu aliyeezuliwa. Ndugu wa Ujiji wakaunga mkono. Mmoja akaweka uso wa kushangaa, mwingine akaweka moto. Ndugu wa Kidahwe wakakaa kimya, kimya kile cha wasapu ambapo kila mtu amesoma na kila mtu anajifanya yuko shambani.

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, Mama Majidi akatuma makofi tena.

"Karudia!" Asia aliiambia simu yake.

Jirani yao Veneranda alikuwa amekuja wakati huohuo kutoa pole. Alikuwa ameleta ndizi mbivu kwenye sahani iliyofunikwa na kitambaa, akapita chini ya turubai ambalo Iddi alikuwa amelifunga kwa kamba za boti, akakaa kwenye kigoda.

"Pole, Mama Lulu. Alfajiri ile nilisikia bati linaruka nikadhani ni letu."

"Ahsante, jirani. Ndiyo dunia."

"Mna mpango gani na paa? Harusi si imekaribia?"

"Eeh."

"Au mtaazima ukumbi?"

"Ndiyo hivyo hivyo," Asia akasema, kidole kinakimbia. Alikuwa anaandaa stetasi. Aliifuta mara kadhaa mpaka ikamkaa sawa: "Wengine tunawaita wakwe kumbe ni wakwezi, wanataka kupanda juu yetu tukianguka." Akaweka picha ya waridi lenye miiba. Alipoinua macho kumwonyesha Veneranda jinsi ilivyotoka vizuri, kigoda kilikuwa kitupu. Sahani ilikuwepo, ndizi zilikuwepo, jirani hayupo.

Jioni Veneranda akamtumia ujumbe: "Jirani leo nilikuja kwako nikakuaga mara mbili. Sahani utaniletea ukipata nafasi." Asia akajibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa.

*

Usiku walikula chini ya turubai. Ugali wa muhogo ulikaa katikati ya mkeka, samaki wa migebuka wakielea kwenye mawese, na pembeni ya kila bakuli kulikuwa na simu iliyolala chali kama mgonjwa anayesubiri daktari. Ya Iddi tu ndiyo haikuwepo, kwa sababu ya Iddi ilikuwa kitochi, na kitochi hakina cha kutazamwa.

Iddi alikuwa fundi wa mashine za boti pale Katonga, na mtu anayeshinda na mashine akirudi nyumbani anataka kuongea. "Leo imeingia boti moja kutoka huko kusini," akaanza, "nahodha analia mashine imekufa. Nafungua, nakuta nini? Panya! Kajenga humo, ana na godoro."

Kimya. Mwanga wa kioo ukapita usoni kwa Lulu, ukapita usoni kwa Asia.

"Nikamwambia nahodha, huyu panya ana leseni?"

Kimya.

"Basi yule nahodha uchungu ukamshika palepale ufukweni, akajifungua mapacha. Wa kiume wote."

"Mashallah, hongera zake," Asia akasema, macho hayajatoka kwenye simu.

Iddi aliweka tonge chini. "Mama Lulu, hivi kuna nini humo?"

"Mkwe wako katutukana."

"Mkwe gani? Mama Majidi? Yule mama mpole vile? Katutukana nini?"

"Si yamo kwenye kundi."

"Mimi sina kundi. Nisomee."

"Hakuna cha kusoma, ni picha."

"Picha ya nini?"

"Baba Lulu, usinichoshe, hapa namjibu mtu."

Iddi akalichukua tena tonge lake. Picha! Mama wa umri ule, mtu na ushungi wake, anatuma picha ya matusi kwa wakwe. Alijaribu kuiwazia picha yenyewe ikamshinda, aibu ikamwingia yeye badala ya mwenye kosa, hamu ya mgebuka ikatoka. Hakuuliza tena. Na hapo ndipo jambo zima lilipokufa maji, maana katika nyumba ile Iddi peke yake alikuwa amelelewa na bibi wa Kiha. Angeambiwa neno moja tu, "makofi", angecheka mpaka turubai lianguke.

*

Asia naye hakukaa kimya. Aliandika kwenye kundi, kwa herufi kubwa: "MWENYE FURAHA NA MATATIZO YETU AJITOKEZE HADHARANI." Aliandika usiku, akalala na simu kifuani, akaamka nayo mkononi.

Asubuhi, mtu wa kwanza kujitokeza hadharani alikuwa Mama Majidi. Makofi, mstari mzima. Na safari hii aliongeza na jua linalochomoza, linatabasamu.

Asia alifungua orodha ya wanakundi. Yeye ndiye aliyelianzisha kundi lile, yeye ndiye mwenye funguo. Alibonyeza jina la mkwe wake, akashuka mpaka kwenye neno "ondoa". Simu, ambayo siku ile ilikuwa na busara kuliko mwenyewe, ikamuuliza kama kweli anataka kumwondoa. Akabonyeza ndiyo.

Kwenye simu za wote likatokea lile andiko dogo la kijivu ambalo halina uso wa kulia wala wa kucheka: Asia amemwondoa Mama Majidi.

"Nimemtoa," alimwambia Iddi aliyekuwa anavaa viatu.

"Umemtoa nani?"

"Mama Majidi."

"Kwani alikuja?"

"Kwenye kundi, Baba Lulu! Kwenye kundi!"

"Ahaa," Iddi akasema. "Na vyombo vyake amechukua?"

Asia hakucheka. Alikuwa anasubiri pongezi, na zilikuja, Mwinshehe akiwa wa kwanza: "Umefanya jambo la kihistoria." Lakini pongezi za simu zina tabia moja, zinaisha haraka na kuacha kiu. Mpaka jua linapanda Asia alikuwa ameshafungua kundi mara nyingi zaidi ya alivyokwenda kuangalia maharage jikoni, na maharage yalilijua hilo, yaliungua bila kusema.

Ndipo Lulu akamtumia ujumbe aliotumiwa na mchumba wake. Majidi alikuwa Ilagala ananunua dagaa, huko ambako mtandao unakuja kama mgeni wa heshima. Ulipomfikia, ulimfikia na lile andiko la kijivu. Ameandika: "Lulu, kama mama yangu anafukuzwa na watu wote wanaona, mimi naingia hiyo nyumba kama nani? Harusi isimame kwanza. Mimi sina maneno mengi."

Asia aliusoma akiwa jikoni. Alikuwa bado anaufikiria wakati mlango uliposukumwa, na Lulu akasimama mbele yake. Mwenyewe, mzima, kwa miguu.

"Mama."

"Nimeona. Si umenitumia?"

"Najua nimekutumia. Nataka unione na mimi."

Asia akamtazama. Zilikuwa zimepita siku nyingi hajamtazama mwanawe usoni kwa muda mrefu kuliko anavyotazama picha ya mtu. Alizoea Lulu akilia kwa vikatuni, tone moja la bluu kwenye shavu la njano. Huyu aliyesimama mlangoni alikuwa analia kwa pua, mdomo umepinda, hapendezi hata kidogo.

"Nisemeje sasa?" Asia akauliza.

"Mpigie."

"Majidi? Nimeandika, tiki moja tu."

"Siyo Majidi. Mama yake."

Asia alichukua simu. Akalitafuta jina. Kidole kilichokuwa kinakimbia siku zote kikasimama juu ya kile kialama cha kupigia, kikagoma kama punda. Kuandika ni rahisi, unaandika, unafuta, unaweka waridi. Kupiga ni kusikia pumzi za mtu. Akarudi kwenye kuandika. "Mkwe, samahani kama ulikwazika..." Akafuta. "Mkwe, kilichotokea ni..." Akafuta.

"Nitampigia kesho," akasema.

Lulu alifunga mlango polepole, na ule upole ndio uliomuuma Asia. Angeubamiza angalau angepata cha kumsema.

*

Kesho yake asubuhi Iddi alikuwa juu ukutani, anapigilia mabati aliyoyaokota mtaani na kuyanyoosha, misumari mdomoni. Asia alikaa kizingitini, simu mkononi, samahani yake ya kumi na ngapi sijui ikiwa nusu imeandikwa. Kidole kilikuwa kinawasha.

Bodaboda ikasimama nje. Akateremka mama mmoja mnene kidogo, ushungi umefungwa vizuri, na mzigo wa gunia ambao dereva alimtwisha kichwani. Iddi alikuwa wa kwanza kumwona, maana mtu aliye juu ya ukuta huwa wa kwanza kuona kila kitu. Akatema misumari.

"Mama Lulu! Mkwe huyo!"

Asia akainua macho. Amekuja kupigana, akawaza. Akatafuta pa kukimbilia, na kwa mazoea akatazama kioo cha simu, kana kwamba kuna mlango humo.

Mama Majidi aliingia uani. Aliutua mzigo chini taratibu. Kisha akainama, magoti yakakunjika mpaka karibu na ardhi, akainua viganja vyake viwili na kuvipigisha polepole, pa, pa, pa, sauti laini kama unga unaopigwa kwenye ungo.

"Mwakeye," akasema. "Mwakeye, mkwe wangu. Mwakeye, mwenye nyumba huko juu."

Pa, pa, pa.

Asia alivitazama vile viganja. Salamu ile aliijua tangu utoto. Alikuwa ameiona sokoni maelfu ya asubuhi, akina mama wa Kiha wakitua mizigo yao na kupigiana makofi ya heshima kabla hawajataja bei ya kitu. Asingeweza kuikosea hata akiwa usingizini. Ila kwenye simu ilikuja mikono mitupu, haina magoti, haina ushungi, haina mtu nyuma yake. Na ilikuja kila asubuhi kabla ya chai, wakati watu wenye adabu wanaposalimia.

"Ya Rabi," akasema kwa sauti ndogo.

Mama Majidi alikuwa bado ameinama, anasubiri jibu. Salamu ile ukiitoa hujiinui mpaka ujibiwe.

Asia akainua mikono kujibu. Wa kulia ulikuwa na simu. Akapiga hivyohivyo, ikatoka sauti ya ajabu, ta, kama mtu anayegonga kigae. Mama Majidi akainua jicho moja.

"Karibu, mkwe," Asia akasema haraka. "Karibu ukae."

Mama Majidi akajiinua, hakuridhika lakini ana adabu, akakaa kwenye kigoda kilekile cha Veneranda. "Nimekuja mbio," akasema. "Simu yangu ina ugonjwa. Kila siku nawasalimia huko, inakubali. Leo alfajiri nawasalimia, inakataa. Nabonyeza mikono, haiendi. Nikajua hawa watu wana shida. Nikaona nije mwenyewe na salamu yangu."

"Na ujumbe wetu... ulikuwa unausoma?"

"Nausomaje, mkwe? Yale maandishi madogo kama mayai ya chawa, na picha hazifunguki! Majidi kabla hajaenda Ilagala alinionyesha pale pa mikono, akasema mama, hapa unasalimia. Basi." Akatazama juu, macho yakakutana na miguu ya Iddi inayoning'inia mbinguni. "Kwani paa limekwenda wapi?"

Iddi alimtazama mkewe kutoka juu. Lulu alikuwa ametoka, amesimama mlangoni.

"Lilizolewa na upepo," Iddi akasema. "Wiki hii."

"Wiki hii! Na mimi mkwe sijui?" Sauti ya Mama Majidi ilipanda, ikapasuka kidogo. "Watu wote hao mliomo humo, hakuna hata mmoja wa kunipigia akaniambia, Mwasiti, wakwe zako wananyeshewa? Mimi nawaletea maharage ya harusi, kumbe mnalala nje!"

Asia alifungua mdomo. Uongo mmoja mzuri ulikuwa umeshajipanga, mtandao, mkwe, mtandao wa siku hizi unasumbua, hata sisi hapa hatupati. Ulikuwa umeiva kabisa. Akamwona Lulu anamtazama, uso ule wa jana, usiopendeza.

"Simu yako haina ugonjwa," akasema. "Nilikutoa mimi."

"Kunitoa wapi?"

"Kwenye kundi. Nilituma picha ya nyumba, ikaja mikono yako chini yake. Nikadhani... tukadhani unatupigia makofi. Ya kutucheka."

Mama Majidi akanyamaza. Asia aliona ni kimya kirefu kupita vyote alivyowahi kukaa navyo, kwa kuwa juu ya kichwa cha mtu hakuna maandishi ya kukuambia kwamba anaandika. Unamtazama tu. Unaona shingo inameza mate. Unaona mkono unashika pindo la khanga, unaliachia, unalishika tena.

"Kwa hiyo mlidhani nimefurahi," Mama Majidi akasema.

"Ndiyo."

"Na watu wote wakaona ninavyofurahi."

"Wote."

"Na wakaona ninavyotolewa."

"Waliona, mkwe. Hata Majidi, na amesimamisha harusi. Nisamehe."

Huko juu nyundo ilikuwa imenyamaza. Ndipo Iddi, aliyekuwa anakunja sura akilipima jambo, akaelewa. "Makofi?" akasema. "Ndiyo hiyo picha ya matusi? Makofi? Mimi nimeacha kula mgebuka kwa ajili ya *mwakeye*?" Kicheko kikamtoka, akaukumbatia ukuta asianguke. Hakuna aliyemuunga mkono. Akajikohoza akarudi kwenye msumari.

Asia alifungua simu haraka. "Nakurudisha sasa hivi, mkwe. Dakika hii hii. Na nitaandika samahani, waone wote—"

"Sitaki huko." Mama Majidi alisimama. "Huko sijui nilipotolewa wala sijui pa kuingilia. Nirudishe hapa."

"Hapa vipi?"

Mama Majidi hakueleza. Alijitwisha gunia lake, hakutaka hata kusaidiwa, akatoka mpaka nje barabarani. Dereva wa bodaboda akadhani wanaondoka, akawasha pikipiki. Mama Majidi akamwashiria aizime. Kisha akageuka, akaingia uani upya kama mtu aliyefika sasa hivi, akautua mzigo, akainama, akainua viganja.

"Mwakeye, mkwe wangu."

Pa, pa, pa. Akasubiri, magoti yamekunjika, na magoti yenyewe si ya ujana.

Simu ikaanza kuita mkononi mwa Asia. Mwinshehe. Asia aliitazama, akatazama pa kuiweka. Uani hapakuwa na meza. Akainama, akailaza chini kwenye udongo wenye unyevu, kioo kikiangalia ardhi. Mikono ikabaki mitupu. Aliiona myepesi, ya kigeni, hajui aipeleke wapi. Kisha akapiga magoti chini kabisa, akamzidi mkwe wake kwa kuinama, akavikutanisha viganja.

Pa, pa, pa.

"Mwakeye," akasema. "Mwakeye, mkwe. Ingia ndani kwako."

Lulu alikuwa ameanza kuinua simu yake kurekodi.

"Na wewe mwali," Mama Majidi akasema bila kugeuka, "mikono yako iko wapi?"

Simu ya Lulu ikaingia kwenye pindo la kitenge. Makofi yakawa ya watu watatu, hayaendi pamoja vizuri, na simu ile aliyopiga Mwinshehe ikaendelea kunguruma udongoni kama mende aliyepinduliwa mpaka ikachoka yenyewe.

Mama Majidi alijinyoosha akashika kiuno. Akakaa, akaomba maji, akanywa yote, akatazama tena lile tundu la paa na mguu wa Iddi.

"Baba Lulu, hicho kitochi chako kinapiga Ilagala?"

"Kinapiga popote, mkwe. Ila hakina picha."

"Ndicho ninachokitaka." Iddi akakirusha, Lulu akakidaka, akaitafuta namba aliyoijua kwa moyo. Ikaita mara nyingi, upepo wa ziwa ukisikika upande wa pili, kisha sauti ya Majidi ikasema haloo, haloo, baba?

Lulu alimtazama Mama Majidi. "Nimwambieje?"

"Mwambie mama yake yumo," Mama Majidi akasema, akaanza kulifungua gunia la maharage.